Shubiri ya Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Mei

Darasa la tatu. Leo majani yangu hayakuungua! Sista — nesi mstaafu anayetufundisha mitishamba pale ukumbini — kayanusa, kasema haya yamekauka kivulini, si juu ya bati kama yale ya wiki jana. Nimefurahi kama mtoto. Tumechemsha dawa ya kikohozi: tangawizi, mrehani, asali. Tukakamua na shubiri ya kuoshea nywele. Sista kakazia: shubiri haimezwi ovyo, na mwenye mimba asiitie mdomoni kabisa.

Mama mkwe kaniona narudi na machupa. Majani ni chakula cha mbuzi, kasema. Jenerali wangu huyo!

Jumanne, 7 Mei

Mungu wangu. Jenerali kaamka anakohoa, kaomba dawa mwenyewe. Mwenyewe! Kwa furaha nikasahau kuonja, na ndiyo sheria ya kwanza ya Sista: onja wewe kabla ya mgonjwa. Pua nayo imezibwa na mafua, sikunusa kitu. Nikamnywesha vijiko viwili. Kakunja uso, kasema dawa ya kweli huwa chungu.

Chungu? Ya kikohozi ina asali! Nikarudi kabatini — chupa ya kikohozi imejaa pomoni. Nimempa shubiri.

Nikatoka mbio hadi kwa Sista, kandambili mguu mmoja. Hakunigombeza. Kauliza kiasi gani, na mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Kisha kaja kumpima presha. Anywe maji, kasema, na akizidiwa ni hospitali moja kwa moja. Kuhusu chupa, kaninong'oneza, utamwambia mwenyewe.

Jenerali kashinda chooni. Nami nimeshinda nje ya mlango. Mama, upo? Nipo, niondokee hapo!

Jumatano, 8 Mei

Mzima! Mzima kabisa, kala sahani mbili. Nimelia jikoni kwa raha, nikasingizia vitunguu. Shubiri yote nimeimwaga. Kumbe tumbo lilikuwa limemfunga wiki nzima, kaona haya kutuambia. Sasa hanyamazi: mkwe wangu ana mkono wa dawa! Nilitaka kumweleza. Nimeshindwa. Sifa tamu jamani.

Ijumaa, 10 Mei

Sebule imejaa. Jenerali kawaita wenzake wote waje kutibiwa! Wifi naye kaja, na mimba yake ya miezi minane, kawatangulia wote na kikombe mkononi: niletee ile ya mama, na mimi tumbo limenifunga.

Ningesema imekwisha. Si uongo. Lakini namjua wifi, angekwenda kuitafuta sokoni. Basi nikasimama na trei yangu, nikasema yote — chupa, vijiko, shubiri, mimba. Wifi kaweka kikombe mezani taratibu. Mimi huyoo, jikoni. Nimetua mzigo. Ah, nimetua!

Naandika haraka. Mlango umefunguka — Jenerali. Kaufunga nyuma yake, kavuta kigoda, kakaa mbele ya kabati langu. Hajanitukana. Kainua chupa ya kwanza kwenye mwanga, kauliza hii ni ya nini. Nimemjibu. Kachukua ya pili. Huko sebuleni wanamwita, chai inapoa. Naye anawajibu kwa sauti, bila kugeuka:

"Subirini, niko darasani!"