Ugali wa Mbegu, Iguguno

Shikamoo Mama,

Huku Iguguno upepo umejaza vumbi hadi kwenye karatasi zangu. Katika andiko la shirika letu la kuomba msaada tuliandika kwamba wanakijiji wanahitaji unga. Leo nilimsomea Mama Neema, mkulima aliyenikaribisha ugali wa mtama na mlenda. Akacheka.

“Kula, mwanangu. Mtama huo ulikuwa mbegu yetu. Unga tutaula, utaisha. Mvua ikija tutapanda nini?”

Nilimaliza sahani, maana ulinifundisha kutokataa chakula cha mtu. Bosi ameshasaini andiko, nawe unajua ninavyomwogopa. Lakini kesho nitaliandika upya liombe mbegu na kumrudishia, hata akifoka. Siwezi kula mbegu ya watu halafu ninyamaze.

Jifunike vizuri asubuhi, Mama, na uniombee.

Mwanao,
Upendo