Pafu la Baba na Mkono wa Baba Mdogo

Hospitalini, Kibondo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwakeye, mmeamkaje huko Titye? Goti lako bado linakusumbua, au baridi imepungua? Mimi sijambo kuliko wiki iliyopita, maana wiki iliyopita nilikuwa nakufa. Usishtuke, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa simu ya jirani nisingeweza, wote wangesikia.

Tulikuwa tunalima shamba la shule. Nikainua jembe, kifua kikapasuka kwa ndani, kama mtu kanichoma kisu halafu anakizungusha. Nikaita, "Mwalimu!" Sauti haikutoka. Unanijua, hata nikiwa mzima sauti yangu haisikiki. Nikaanguka kifudifudi, nikala udongo. Hapa walinipiga picha wakakuta pafu limesinyaa. Wakanishika mikono na miguu, wakanichana ubavuni, wakasukuma mpira ndani. Mama, nilimng'ata nesi mpaka damu. Halafu hewa ikatoka inabubujika kwenye chupa ya maji, nikapumua.

Shule ilimpigia ndugu aliye karibu. Akaja baba mdogo Gervas, kutoka Kasanda.

Nilipomwona mlangoni nilijifunika shuka uso mzima. Niliiona tena siku ile baba alipofia nyumbani kwake: kashika kifua, macho yamemtoka, hewa haiingii, na watu wanapiga kelele, "Hakuonja! Kampa pombe bila kuonja!" Eti kwa sababu wageni walikuwa wengi, baba mdogo akampa ndugu yake kibuyu bila kupiga funda la kwanza kama mwenye nyumba anavyotakiwa, kuonyesha haina sumu. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Mkono ulipovunjika niliusikia. Wakachoma nyumba, mbuzi wakilia ndani.

Daktari alipoingia hakunitazama mimi. Alimtazama baba mdogo usoni, vile vipele vyeupe vigumu vya puani. Akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba kuna ugonjwa adimu wa kurithi wenye vipele kama hivyo, vifuko vya hewa vinaota mapafuni, na siku kimoja kikipasuka pafu linasinyaa. Walidhani sielewi. Nikauliza:

"Baba yangu alikuwa navyo vipele hivyo. Alikufa ameshika kifua. Si sumu?"

"Siwezi kuapa bila kipimo cha Mwanza," akasema. "Lakini wewe nani kakupa sumu?"

Baba mdogo akageukia ukutani.

Mama, kaka Silvesta vipele hivyo vimeanza kumtoka, na kifua kinambana akibeba magunia. Daktari anasema aache sigara, aende hospitali Kasulu apigwe picha, na kikimchoma ghafla asingoje kupambazuke. Msomee barua hii. Na lile panga aliloapa kumkatia baba mdogo siku atakayokanyaga Titye, lifiche leo hii. Mpira umeshatolewa, na Jumamosi baba mdogo ndiye ananileta. Mimi siruhusiwi kubeba kitu wala kwenda haraka, kwa hiyo atatangulia yeye na sanduku langu. Mkimwona njiani, msidhani yuko peke yake. Naogopa, mama. Nyuma yake nikipiga kelele, nani atanisikia?

Asubuhi hii aliniletea uji. Mkono ule haunyooki tena, akakiinua kikombe kwa shida, ananitazama.

"Naonja, mwanangu. Angalia, naonja."

Nikamnyang'anya kabla hakijagusa mdomo wake. Nikanywa wote, ukaniunguza ulimi.

Nisalimie bibi, mama yake baba. Mwambie mtoto wake aliyebaki anakuja nyumbani, na yeye bibi asimwonjee chochote. Nisalimie na shangazi anayeuza samaki sokoni. Silvesta msalimie wa mwisho, akishakupa panga.

Ni mimi mwanao, bado napumua,
Edita