Mkono wa Kushoto wa Gauni la Malkia

Swalha,

Wali umo sufuriani. Kula kabla hujavaa gauni. Usilipige pasi, manyoya ya mahameli yatalala. Baba akulete kwa teksi, basi la Xiaobei, mtaa wetu huku ugenini, litalikunja.

Asubuhi nimeona mkono wa kushoto umekolea rangi kuliko wa kulia. Baba yako akacheka: "Mama Swalha, malkia ana mikono ya watu wawili!" Kumbe niliukata kinyume cha manyoya. Nikafumua, nikashona upya kwa kipande cha mwisho. Alhamdulillahi, imefanana.

~~Mwalimu wako nimemsamehe.~~ Sijamsamehe. Mwaka juzi katika mchezo wa shule alikupa ufagio uigize mtumishi, akasema karne ya kumi na saba haikuwa na malkia mweusi. Unguja tulikuwa naye!

Nimetangulia shuleni kukamata viti vya mbele. Ukitokea jukwaani usinitazame. Nitalia, nami nimekuja kugombana.

Mama yako