Mstari Tuliousahau

Kaka Gaudensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui huko mnaitikiaje.

Alhamisi tulituma mtu akuite uje hospitali utoe damu. Miezi mitano uko kaburini, kaka, na bado tulikuita.

Lawama ni yangu. Unakumbuka ile kompyuta ya msaada ilipofika maabara yetu hapa hospitali, nikataka orodha ya watoa damu iwe na visanduku na marembo? Ulinicheka. "Imelda, umeme ukikatika, mlinzi tunayemtuma kuita watu atasoma marembo?" Ukatunga utaratibu wako: mstari mmoja, jambo moja, jina la jambo, nukta mbili, kisha jambo lenyewe. Kati ya mtu na mtu, mstari mtupu. Hakuna kufuta, jipya linaongezwa chini. Mlinzi alipoisoma yote bila kukwama ulishangilia kama umefunga goli. Wa kwanza ukajiandika mwenyewe:

Jina: Gaudensi
Kundi: O
Anakaa: Bombambili, nyuma ya kisima
Akiitwa: atakuja

Mstari wa kifo hatukuufikiria. Ulipofariki nilifungua orodha mara nyingi, nikaifunga. Nilijiambia hakuna mahali pa kuandika. Uongo mtupu; niliogopa.

Alhamisi mchana umeme haukuwepo, na wodi ya uzazi kuna mzazi anatokwa damu nyingi. Tarishi mgeni akachukua orodha iliyochapwa, akaisoma vizuri kabisa, akapanda baiskeli mpaka kwako. Wifi alikuwa anapukuchua mahindi. "Shikamoo mama. Kaka Gaudensi yupo? Anaitwa hospitali."

Damu ilipatikana nyumba ya tatu kwenye orodha, mzazi akapona. Lakini wifi alikuja kwa miguu, akaomba aone ulivyoandikwa. Alisoma mwenyewe, kidole chake kikasimama mwishoni. "Humu bado anakuja," akasema. Hakulia. Niliyelia ni mimi. Tangu hapo mlango wa maabara ukigongwa nashtuka, nadhani umeitika.

Leo nimeandika chini yako: "Amefariki: ndiyo." Sikufuta kitu. Kila mtu nimemwekea mstari wa "Amefariki", hata mimi. Wangu uko wazi, nautazama kila asubuhi.

Mjini maduka binafsi ya dawa yameota kila kona, ila damu haiuzwi dukani. Orodha yako ndiyo tegemeo letu, nami nitailinda isomeke.

Pumzika, kaka. Hatutakuita tena.

Mdogo wako,
Imelda