Kwa Nini Namtetea Yule Mbebaji

Omate, Jumapili. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa haijachoka. Bega la kuume linaniuma, lakini moyo uko sawa. Leo nina jambo la kusema, na nitaliandika lote kabla simu haijazima. Nikipata rezo, mtandao wa simu, kule kilimani, nitalituma.

Jambo lenyewe ni hili: yule mbebaji wa kwenye mchezo ni shujaa. Omate nzima inamchukia, na Omate nzima imekosea.

Kwa asiyejua: Papa Muhindo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ana duka hapa la chumvi, sabuni na betri. Nyuma ya duka ameweka jenereta, televisheni na mashine ya michezo. Sisi wabebaji tunakaa huko siku ya kupumzika, pamoja na wachimbaji. Juzijuzi alileta mchezo mpya. Kwenye kasha lake kuna askari mkubwa na bunduki inayotoa moto, na watu wakafurahi sana. Lakini yule askari anakufa mwanzoni kabisa, mtoni. Unaachiwa mtu aliyekuwa anatembea nyuma yake: mbebaji mwembamba, hana bunduki, hana hata panga. Kazi yake ni kuvusha unga milimani, aufikishe kwenye mji uliozungukwa na adui. Hakuna kingine.

Kwa siku nyingi watu walingoja askari afufuke.

Kilichowaudhi zaidi ni namna anavyobeba. Gunia liko mgongoni, limeshikwa na kamba pana inayopita juu ya paji la uso. Huku hivyo ndivyo wanavyobeba wanawake. Mwanaume anaweka mzigo begani ao kichwani, shingo imesimama. Kwa hiyo wamemwita Mama Mizigo, na kila mara zamu inapomfikia mtu utasikia, "Toa ule mama, weka mupira!"

Halafu kuna lile la ekran, kioo cha televisheni. Mbebaji akishavaa kamba, picha yote inashuka. Milima inapotea. Unaona tope, mawe na vidole vya miguu yake, basi. Siku ya kwanza Bahati, mbebaji mwenzangu, yule anayetuchekesha njiani, aliipiga televisheni kofi.

"Papa Muhindo! Ekran yako imekufa! Mbingu imepotea!"

Papa Muhindo akaja na taa, akaanza kukagua waya. Mama Furaha, anayekaanga mandazi pale mlangoni, alitazama mara moja tu.

"Haikufe," akasema. "Njo vile siye bamama tunaonaka tukivaa kamba."

Wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka tulipokimbia vita kutoka upande wa Masisi. Mama alikuwa na kamba kwenye paji, godoro na sufuria mgongoni, na mimi nilitangulia mbele yake. Kila baada ya kona aliniuliza, "Mbele kuna nani?" Nilimjibu kwa hasira, kwa sababu nilidhani ni woga. Sikuwahi kuwaza kwamba alikuwa anaona visigino vyangu tu, na kwamba alivuka msitu mzima kwa kuvifuata.

Waliotengeneza huu mchezo sijui ni watu wa wapi. Maandishi yake hakuna anayeyasoma hapa, na mimi hata ya Kifaransa nayasoma kwa shida, shule niliiacha mapema. Lakini kuna mtu kati yao amewahi kuvaa ile kamba. Ao amezaliwa na mama aliyeivaa.

Wanasema tena ni mwoga. Akikutana na wenye silaha anasimama, anapiga magoti, anatua gunia polepole, anaweka mikono mahali inapoonekana. Vijana wanapiga kelele, "Pigana! Pigana basi!" Jamani. Nani kati yetu amewahi kumpiga mtu kwenye bariere, pale wenye bunduki wanapofunga njia? Kila safari tunavua kofia. Tunasema "mukubwa". Tunacheka utani usiochekesha. Bahati mwenyewe ananyamaza pale kama mtoto wa ubatizo. Halafu Jumapili tunataka mtu wa kwenye televisheni afanye kile ambacho hatujawahi kukifanya, tena tunamtukana akikataa.

Yeye hafanyi hivyo kwa kuogopa kufa. Anafanya hivyo ili unga ufike. Nimecheza mpaka mwisho, najua. Anafika, anatua mzigo kwenye mlango wa jiko, mwanamke mmoja anafungua gunia na kuanza kupika. Hakuna ngoma wala medali. Anageuka, anarudi kuchukua lingine. Wenzangu waliona huo mwisho wakapiga miluzi ya dharau. Mimi niliona ndio mwisho wa kweli kuliko yote niliyoiona kwenye ile televisheni.

Sasa niseme kwa nini hili limekuwa kubwa kwangu leo.

Katika safari iliyopita niliteleza kwenye gogo la kuvukia mto na bega likagongwa vibaya. Haliwezi kukaa chini ya mzigo. Kichwani pia siwezi, kwa sababu mkono haupandi kushika. Na kesho ekipe yetu, kundi letu la wabebaji, inapeleka mafuta ya mawese Kashebere. Kapita wetu, Papa Shukuru, anayesimamia mizigo, alinisimamisha jana mbele ya wote. "Utabeba ao utaacha nafasi. Batu benye banangoja ni bengi." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo kazi ilivyo. Lakini mke wangu na watoto wako Kashebere, wamepewa chumba na watu wema, na wanakula kinachotoka begani mwangu. Nyumbani kwetu bado bunduki zinalia. Nikitoka kwenye ekipe hii sina kwa kwenda.

Basi leo baada ya misa nilimwendea Mama Furaha, nikamwomba anifundishe kufunga kamba.

Alinitazama usoni kuona kama namchezea. Halafu akafuta mikono. Hatukujificha, mvua ilikuwa imewajaza watu wote chini ya paa la Papa Muhindo, kwa hiyo alinifunga pale pale mbele yao. Unaweza kukisia vicheko.

"Ekipe imepata mama!" Bahati akaita. "Kaka, utavaa na kikwembe kiunoni?"

"Nikivaa utanibebea mutoto?" nikamjibu, na safari hii walimcheka yeye.

Mama Furaha alivuta kamba ikashuka kidogo. "Hapana hapo, utapasuka kichwa. Hapa. Inama. Usipigane nayo, papa, inama." Nikainama. Nilivuka uwanja wote na bidoni mbili za mafuta mgongoni hadi mlango wa kanisa, nikarudi. Shingo iliwaka moto. Sikuona mtu hata mmoja, niliona tope na miguu yangu. Bega halikusema kitu.

Nilipotua mzigo, Papa Shukuru alikuwa amesimama pale na mwavuli. Wote walimgeukia yeye, wakingoja acheke ndipo wacheke zaidi. Hakucheka.

"Miye minaangalia tu muzigo," akasema. "Ufike."

Akachukua kipande cha mkaa, akaandika jina langu kwenye bidoni zile mbili.

Kwa hiyo nafasi ninayo. Najua njiani watanitania mpaka mate yawakauke, na kwenye bariere pia watapata la kusema. Waseme. Ninachojiuliza usiku huu ni kitu kimoja tu: mke wangu akiniona natokea barabarani hivi, nimeinama, kamba kwenye paji, atafanya nini? Nadhani atacheka sana, kwanza. Halafu atakuja kunionyesha mahali nilipofunga vibaya.