Mikono Iliyojaza Barafu Stesheni ya Shinyanga

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa marahaba yako sitaisikia. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nimeamua kuandika wazi ili na wengine wasome.

Wiki iliyopita sisi wauza nyama wa Kahama tuliitwa kwenye semina. Mtaalamu, kijana nadhifu, akatuonyesha picha za mabehewa ya zamani ya Marekani: barafu iliyokatwa ziwani inashushwa kupitia matundu ya paani, inachanganywa na chumvi, baridi inasambaa mpaka kwenye nyama. Nikatabasamu peke yangu, maana nilikuwa nakuona wewe juu ya paa lile. Kisha akasema huku kwetu kitu hicho hakijawahi kuwepo.

Hakijawahi? Na wewe uliyepanda ngazi za mabehewa ya nyama pale stesheni ya Shinyanga, ukavuta mabonge ya barafu kwa koleo, ukayaponda na kuyamwagia chumvi ya mawe kwa mikono mitupu, ulikuwa unafanya nini? Na ng'ombe waliokuja kulamba kokoto za reli pale maji ya chumvi yalipodondokea, mpaka stesheni masta akachoka kuwafukuza, walikuwa wanafuata nini? Vidole vyako vilikufa ganzi kwa kazi ile. Mama alikufungia vifungo vya shati hadi siku zako za mwisho.

Nikasimama, nikasema yote hayo. Ukumbi ukacheka. Mtaalamu akaniuliza kwa adabu, "Mama Kulwa, una picha au karatasi yoyote?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kicheko kile nilikijua. Nilikicheka mimi mwenyewe, darasa la tatu, wenzangu waliposema wewe ni mwongo, chumvi haiwezi kuongeza baridi ya barafu. Ulikuwa umesimama nyuma yetu. Hukunigombeza. Ulinipeleka stesheni, ukanishika mkono na kuuingiza kwenye ndoo ya barafu na chumvi. Niliuchomoa nikilia.

"Ng'wanone," ukaniambia, "mwanangu, mimi nashinda humo."

Basi nikatoka nje, nikamwomba muuza samaki wa sato beseni la barafu, nikalimwagia pakiti nzima ya chumvi, nikakoroga na kuliweka mezani mbele ya mtaalamu.

"Karatasi yangu ni hii. Weka mkono."

Aliuchomoa upesi, akauficha kwapani. Hakuna aliyecheka tena. Akaomba radhi, akaniuliza jina lako na kuliandika. Simsifu. Ilibidi aumie kwanza ndipo aamini kwamba ulikuwepo.

Lakini na mimi je? Walipokwenda kunywa chai, niliingiza mkono wangu kwenye beseni lile, nikaapa siutoi mpaka nimalize kukuomba radhi kwa siku ile ya darasa la tatu. Nilishindwa, Baba. Baridi ilinikatisha nikiwa bado mwanzoni, na radhi iliyobaki ndiyo hii barua.

Pumzika, na mikono yako ipate joto.

Binti yako, yule aliyecheka