Gunia Si Mkwe Wako

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Lunyo tu wazima, nyanya yako anakusalimu. Unauliza kama mkono wangu uliwahi kufa ganzi kama huo wako wa kompyuta. Miaka ya uhuru nilishona magunia ya pamba Tororo, na hakuna aliyenipita mbio. Kisha vidole vikakataa kushika sindano, nikajua kazi imekwisha. Mama Athieno, mzee aliyeshona kando yangu, akacheka: "Wewe jogoo, gunia si mkwe wako, halikasiriki ukilishona kwa mkono wa kushoto. Wa kulia upumzike."

Nilikataa siku tatu, ya nne nikamtazama akishona. Kumbe yeye alikuwa akibadilisha mkono kila gunia! Nilikagua mishono yake yote, nikashindwa kujua wa kushoto ni upi. Mpaka leo nastaajabu.

Barua hii nimeiandika kwa mikono miwili. Tafuta nilipobadilisha.

Babu yako, Wandera